Daftari la Mto Lisikatike

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye duka ajua maana ya maneno hayo, na kila mtu aliyepata kushika fedha za chama cha ushirika ayajua vile vile. Lakini ni wachache miongoni mwetu wanaokumbuka kwamba mto nao ni mali, na kwamba mto nao una daftari lake. Daftari hilo huandikwa na mtu ambaye jina lake halitajwi mikutanoni: mtu ashukaye ukingoni asubuhi na jioni, akatazama ubao wenye alama uliosimikwa majini, akaandika tarehe, saa na kimo cha maji, kisha akarudi nyumbani. Akiandika siku moja, hajatuambia kitu. Akiandika mwaka mmoja, ametuambia kidogo. Bali yeye, na waliomtangulia, na watakaomfuata, wakiandika miaka hamsini bila kuruka siku, watakuwa wameipa nchi kitu ambacho hakinunuliwi kwa fedha yo yote. Maana siku iliyopita bila kupimwa haipimiki tena.

Twalisema neno hili kwa sababu ya Mto Rufiji. Katika Machi na Aprili 2024 maji yalifunika mashamba na nyumba za watu katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Mvua za msimu ule zilikuwa kubwa katika sehemu nyingi za nchi, na tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekwisha kupoteza maisha. Huko Rufiji palizuka mabishano. Wako waliosema kwamba maji yametoka bwawani. Na wako waliojibu kwamba ni mvua, na kwamba lau bwawa lisingalikuwako, mafuriko yangalikuwa makubwa zaidi. Sisi hatukuketi hapa kuwahukumu watu. Twasema tu kwamba kesi ya namna hii haina hakimu mwingine ila daftari. Maji kiasi gani yaliingia bwawani siku fulani? Kiasi gani yalitoka siku hiyo hiyo? Na katika miaka ya zamani, kabla ya bwawa kujengwa, mvua za namna ile zilileta maji kiasi gani mahali pale pale? Daftari likiwapo na likiwa wazi kwa wote, ubishi hupata mahali pa kuishia. Lisipokuwapo, au likiwapo lakini limefungiwa kabatini, kila mtu hubaki na neno lake, na uchungu hubaki na aliyepoteza shamba.

Yafaa tujikumbushe ukubwa wa mto huu. Bonde la Rufiji lina eneo la karibu kilometa za mraba 180,000, yaani karibu sehemu moja kwa tano ya Tanzania Bara. Maji yake hutoka katika mito mitatu mikubwa: Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Kilombero peke yake, ulishwao na mvua za milima ya Udzungwa na Mahenge, huleta zaidi ya nusu ya maji yote. Ruaha Mkuu una eneo kubwa zaidi, lakini nchi yake ni kavu, na maji yake hutulia kwanza katika mbuga za Usangu na kinamasi cha Ihefu, kisha hupita katika mabwawa ya Mtera na Kidatu kabla ya kuungana na wenzake. Hivyo mvua kubwa ikinyesha Mbeya na mvua kubwa ikinyesha Ifakara si jambo moja kwa mkulima wa Utete. Maji ya kwanza huchelewa na kupungua njiani; ya pili humjia kwa nguvu. Asiyejua tofauti hiyo atatangaza hatari pasipo hatari, na siku ya hatari yenyewe hatasadikiwa.

Je, tofauti hiyo ilijulikanaje? Haikujulikana kwa kutazama mawingu. Ilijulikana kwa sababu katika miaka ya 1950 watu walianza kuweka vipimo katika mito ya bonde hili, na hasa katika korongo liitwalo Stiegler's Gorge, mahali ambapo maji yote ya mito mitatu hupita katika mlango mmoja mwembamba. Vipimo hivyo vilitumika katika uchunguzi uliofanywa na shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, FAO, ambao taarifa yake ilitolewa mwaka 1961. Tangu hapo, kila mtu aliyefikiri juu ya Rufiji, awe wa umeme, wa kilimo, wa samaki au wa misitu ya mikoko kule Delta, amelazimika kurudi katika tarakimu zilizoandikwa pale korongoni.

Huenda msomaji akauliza: kimo cha maji katika ubao kinawezaje kutwambia wingi wa maji? Jibu ni hili. Mara kwa mara wapimaji hushuka mtoni na chombo cha kupimia mwendo wa maji. Hupima upana wa mto, kina chake, na kasi yake mahali mbalimbali, kisha hupiga hesabu ya meta za ujazo zinazopita kwa sekunde moja. Wakifanya hivyo maji yakiwa machache, tena yakiwa ya wastani, tena yakiwa mengi, hupata jedwali: kimo fulani, maji kiasi fulani. Baada ya hapo msomaji wa ubao huandika kimo tu, na jedwali likafanya kazi iliyobaki. Lakini mto huchimba mchanga hapa na kuumwaga pale; jedwali la mwaka jana laweza kusema uongo mwaka huu. Kwa hiyo kupima hakuna mwisho. Na shida kubwa kupita zote ni kwamba siku ya mafuriko makuu, siku ambayo tungependa kuijua kuliko nyingine zote, ndiyo siku ambayo mashua haiwezi kushuka na pengine ubao wenyewe umekwisha kuzolewa.

Watu wa Rufiji hawakungoja wataalamu ili waujue mto wao. Tangu zamani walilima mpunga katika bonde, na maji yalipopungua wakapanda tena katika udongo ule mbichi, kilimo ambacho wao hukiita mlau. Walijenga dungu, nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo, wakakaa humo wakilinda mazao hata maji yakiwa chini yao. Maji ya mafuriko yalijaza mabwawa ya asili, kama Ruwe na Zumbi, na samaki wakaongezeka. Kwao mwaka usio na mafuriko si mwaka wa raha. Waweza kuwa mwaka wa njaa. Basi tunaposema tuyachunguze mafuriko, maana yetu si kuyahesabu maafa peke yake. Twataka kujua yanakuja mwezi gani, yanapanda kwa kasi gani, yanakaa siku ngapi, na yanaondoka lini. Kwa kuwa maji yale yale yakija Machi polepole ni baraka, na yakija ghafula mpunga ukiwa karibu kuvunwa ni msiba.

Kumbukumbu za wazee zataja miaka mikubwa: 1962, 1968, 1974, 1998. Kumbukumbu hizo ni za thamani, wala hatuzidharau. Lakini kumbukumbu ya mwanadamu humkumbuka adui aliyempiga, humsahau aliyepita mbali. Mafuriko yaliyochukua nyumba hukumbukwa. Yaliyolisha shamba husahauliwa. Tazama yaliyofuata mwaka 1968. Baada ya mafuriko ya mwaka ule, wakazi wa bonde walihamishiwa vijiji vya juu, penye nchi kavu. Nia ilikuwa kuwaokoa watu, na hakuna awezaye kuilaumu nia hiyo. Hata hivyo udongo mzuri ulibaki bondeni, na watu wakawa wakitembea mwendo mrefu kurudi katika mashamba yao, wengine wakijenga tena dungu huko na kukaa msimu mzima. Mwaka mmoja ulikuwa umepewa kazi ya kutoa hukumu ya miaka mingi. Lau hesabu ya mafuriko, makubwa na madogo, ingalikuwa imewekwa mezani mbele ya wakulima wenyewe, pengine pangalipatikana shauri la katikati: zahanati, shule na ghala juu kabisa, mashamba na madungu bondeni, na habari za mapema za kuwaondoa watu katika miaka michache iliyo mibaya.

Hapa twapenda kueleza neno moja linalowapotosha wengi. Wataalamu husema, "haya ni mafuriko ya miaka mia moja." Mwananchi akisikia hivyo hudhani kwamba, kwa kuwa yamekuja mwaka huu, wajukuu wa wajukuu wake ndio watakaoyaona tena. Sivyo. Maana yake ni kwamba katika kila mwaka kuna nafasi moja katika mia ya mafuriko ya kimo hicho kufikiwa au kupitwa. Na mwaka ujao nafasi ni ile ile, kama kwamba hapakutokea kitu. Mtu akijenga nyumba mahali pa namna hiyo na kuishi humo miaka 30, nafasi ya kuyaona mafuriko hayo angalau mara moja ni karibu 26 katika mia, yaani zaidi ya moja katika nne. Ni nani angepanda basi kama angeambiwa kwamba katika kila mabasi manne moja litaanguka? Tena fikirini: hesabu hiyo ya miaka mia moja hutolewa katika daftari la miaka mingapi? Mara nyingi ni miaka 20 au 30. Daftari likiwa fupi, kinachoitwa hesabu huwa ni kubahatisha kulikovaa nguo za kisomi.

Na daftari fupi lina hila nyingine. Huko Misri, katika kisiwa cha Roda mjini Cairo, vimo vya Mto Nile vimeandikwa tangu mwaka 622, ingawa kuna miaka iliyopotea. Mwingereza mmoja, Harold Edwin Hurst, aliyekwenda Misri mwaka 1906 na kufanya kazi huko muda mrefu, alizisoma tarakimu hizo ili kujua bwawa la kuihifadhi nchi katika miaka mibaya lingepasa kuwa kubwa kiasi gani. Mwaka 1951 alitangaza aliyoyaona. Miaka ya maji mengi na miaka ya maji machache haikuchanganyika ovyo, kama mtu arushaye sarafu. Ilipenda kuandamana: miaka ya neema ikifuatana na miaka ya neema, miaka ya ukame na miaka ya ukame. Kwa hiyo bwawa lilipasa kuwa kubwa kuliko hesabu ya kawaida ilivyoonyesha. Fundisho kwetu ni wazi. Mtu aliyepima mto miaka 15 tu huenda ameukuta katika kundi la miaka mikavu, akajenga daraja fupi; au ameukuta katika kundi la miaka ya maji, akaahidi umeme ambao mto hauna.

Wala hatuna haja ya kwenda mpaka Misri. Ziwa Victoria, lililo chanzo cha Nile hiyo hiyo, limepimwa tangu 1896. Kwa zaidi ya miaka 60 lilipanda na kushuka kwa kiasi ambacho watu walikizoea. Kisha zikaja mvua kubwa za mwisho wa mwaka 1961, na kufikia Mei 1964 ziwa lilikuwa limepanda kwa zaidi ya meta mbili, likaingia katika magati na mashamba. Miaka 60 ya daftari haikuwa imeonyesha jambo hilo. Je, basi daftari halikufaa? La hasha! Ni kwa daftari hilo tulijua kwamba jambo geni limetokea. Na ni kwa daftari hilo, ziwa lilipofika tena kiasi kile kile Mei 2020 na hata kukipita kidogo, tulijua mara moja tumesimama wapi. Asiye na kipimo hawezi hata kushangaa kwa haki.

Wako watakaosema: hali ya hewa ya dunia inabadilika, bahari zina joto zaidi, mvua hazifuati tena desturi, kuna faida gani kuchungulia tarakimu za mwaka 1957? Tena bwawa la Julius Nyerere limekwisha kujengwa pale korongoni. Lilianza kujazwa Desemba 2022, laweza kushika zaidi ya meta za ujazo bilioni 30, na mto wa chini si mto ule wa zamani. Hoja hii ina sura ya ukweli, lakini mwisho wake umepinda. Ili ujue kwamba kitu kimebadilika ni lazima ujue kilivyokuwa. Kwa sababu bwawa lipo, rekodi zilizotangulia bwawa ndizo shahidi pekee wa Rufiji ya asili, na shahidi huyo hatazaliwa tena. Mkulima wa mlau na mvuvi wa Delta wanapoomba kwamba maji yafunguliwe kwa wakati unaofanana na desturi ya mto, desturi hiyo itasomwa wapi, kama si katika daftari la zamani? Na wasimamizi wa bwawa wanapotaka kuonyesha kwamba limepunguza kimo cha mafuriko, watalinganisha na nini?

Hata hivyo ni lazima tuseme ukweli unaouma. Daftari la korongoni halikuendelea bila kukatika. Sehemu kubwa ya hesabu za Rufiji bado hutegemea tarakimu za miaka ya 1950, 1960, 1970 na mwanzoni mwa 1980. Baadaye, hapa kama katika nchi nyingi za Afrika, vituo vingi vya kupimia mito vilidhoofika: mbao zilianguka, mashua zilioza, fedha za safari zilikosekana. Hakuna aliyeamua katika kikao kwamba mito isipimwe. Ilitokea kidogo kidogo, kwa namna ambayo mambo mengi mema hufa. Bajeti inapopungua, hupunguzwa kile ambacho ukosefu wake hauonekani wiki ile. Daraja likivunjika, magazeti yote hupiga kelele. Ukurasa wa daftari ukibaki mtupu, hakuna asikiaye sauti.

Twawaomba wenzetu wa mijini wasidhani kwamba maneno haya ni ya watu wa shamba tu. Bonde la Msimbazi, katikati ya Dar es Salaam, lilifurika Desemba 2011 na kuua watu. Waliookolewa Jangwani na kwingineko walipewa viwanja Mabwepande. Mito midogo ya namna hiyo hupanda kwa saa chache, na mara nyingi haina daftari la miaka mingi. Kwa mito hiyo wataalamu hutumia njia ya ujirani: huikusanya mito ya eneo moja, yenye mvua na miinuko inayofanana, wakaisoma pamoja, ili kile ambacho mto mmoja haukupata nafasi ya kukionyesha kisomwe kwa jirani yake. Ni njia nzuri, nayo ni ya ushirika kweli kweli. Lakini ina sharti lake. Mito kumi iliyopimwa miaka 20 si sawa na mto mmoja uliopimwa miaka 200, kwa maana mvua ile ile huwa imeifurisha yote kumi kwa siku moja. Na ushirika ambao kila mwanachama amekuja mikono mitupu hauna cha kugawana. Lazima angalau mito michache katika kila eneo iwe na daftari refu na la kweli.

Basi tunashauri nini? Kwanza, karatasi za zamani zitafutwe zilipo, katika ofisi za mabonde, wizarani na vyuoni, zinakiliwe na kuhifadhiwa mahali zaidi ya pamoja, kabla mchwa hawajazisoma mbele yetu. Pili, vituo vikuu vya Kilombero, Luwegu, Ruaha Mkuu na vya chini ya bwawa vilindwe kama tunavyolinda mitambo ya umeme, na fedha zake zisiwe za kwanza kukatwa. Vyombo vipya vinavyopeleka kipimo kwa simu ni vizuri, lakini chombo bila mtu wa kukiangalia huibwa au hunyamaza. Tatu, msomaji wa ubao alipwe kwa wakati. Mfanyakazi huyu ni mmoja wetu. Akikaa miezi bila posho, tutashangaa nini siku akiandika vimo vya wiki nzima akiwa amekaa kitandani? Tarakimu ya uongo ni mbaya kuliko ukurasa mtupu, kwa kuwa ukurasa mtupu haujengi daraja.

Nne, na hili ndilo kubwa, daftari lifunguliwe kwa wananchi. Bodi ya Maji Bonde la Rufiji, yenye makao yake Iringa, na wasimamizi wa bwawa wana tarakimu ambazo mkulima wa Mloka au Muhoro anazihitaji kuliko mtu mwingine ye yote. Maji yanayoingia bwawani na yanayotoka yatangazwe kila siku katika msimu wa mvua, kwa redio na katika mbao za vijiji, kwa Kiswahili ambacho mtu asiye fundi atakielewa. Na katika kila kijiji cha bonde isimikwe nguzo yenye alama za vimo vya miaka mikubwa, wazee wakiitwa kuonyesha maji yalifika wapi. Mtoto atakayepita hapo akienda shule atajifunza bila kitabu kwamba alama iliyo juu ya kichwa chake iliwahi kuwa uso wa maji.

Mambo haya hayana sherehe. Hayafunguliwi kwa kukata utepe, wala matunda yake hayataonekana katika muda wa kiongozi mmoja. Anayesimika ubao leo anamfanyia kazi mtu ambaye hajazaliwa, kama vile wale walioandika katika miaka ya 1950 walivyotufanyia sisi kazi bila kutujua. Haba na haba hujaza kibaba. Na tarakimu mbili kwa siku, zikiandikwa kwa uaminifu, hujaza kibaba kinachoweza kuokoa kijiji kizima. Masika yatakuja tena, makubwa au madogo. Yakija, yatukute tumekwisha kupima.